Kabichi za Nyumba Mbili

Mimi nina mdomo, sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba siku Mungu alipogawa subira, mimi nilikuwa foleni ya maneno, na huko nilipanga mara mbili. Nimegombana na wauza nyama, na walimu wa wanangu, hata na imamu mmoja juu ya bei ya kofia, maana mimi ni fundi, nashona kofia za kutarizi na makoti ya wanawake. Lakini kosa kubwa la maisha yangu nililifanya kimya kimya, birika mkononi, bila kutamka hata neno moja.

Nilimkosea Frida Vogel. Frida alikuwa Mjerumani kwa cheti. Wakati wa vita watu wake walizolewa kule mto Volga, wakapakiwa kwenye mabehewa kama magunia na kuja kumwagwa huku kwetu. Mama yake alishuka kwenye treni na mtoto wa miezi miwili na maziwa yaliyokauka. Kitongoji chetu cha Almaty, mji wa Wakazaki, wakati huo kilikuwa kijiji cha Wauighuri watupu, ndio sisi, na mama yangu alikuwa amenizaa wiki hiyo hiyo. Aliposikia mtoto analia katika banda la jirani siku mbili mfululizo, alikwenda akamchukua. Hakuuliza dini wala kabila. Alituweka mmoja huku na mmoja kule, na kwetu sisi waliochangia ziwa ni ndugu, basi, hakuna mjadala.

Frida alinizidi miezi miwili na hakuniacha niisahau. Mama yake alipopata nguvu alikwenda kufanya kazi kiwandani kutoka alfajiri hadi jioni, kwa hiyo Frida alikulia miguuni kwa mama yangu. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kwetu. Aliota kwa lugha yetu, akatukana kwa lugha yetu, na akivaa kitambaa alifunga kama sisi, fundo kisogoni na masikio nje ili hereni zionekane. Wanawake wa Kijerumani hufunga chini ya kidevu. Wakimwona sokoni walikuwa wakimsalimu kwa Kirusi, naye anawajibu huku akinikanyaga mguu tusije tukacheka.

Tulipoolewa hatukwenda mbali. Nyumba yake na yangu zilikuwa na ukuta mmoja, na mzabibu uliopandwa upande wangu ulizaa zaidi upande wake, jambo tulilogombea kila mwaka. Mume wake alifariki mapema. Binti yake, Erna, alisoma shule ya Kirusi, akaolewa, akahamia magorofani katikati ya mji. Frida akabaki na mimi na mume wangu Ablimit.

Mji wetu ukifika mwezi wa tisa hauhitaji kalenda, unafuata pua. Pilipili zinakaangwa kwenye mafuta kila ua mpaka paka wanapiga chafya. Matofaa yanashuka kutoka milimani, yale makubwa mekundu ambayo moja linamshibisha mtoto. Sisi tunapika manta za boga, unga mwembamba uliofungwa boga na vitunguu na mafuta ya mkia wa kondoo, zikaiva kwa mvuke. Wakazaki wanaanza kuzungumza juu ya farasi wa kuchinja, Wakorea wanapaka kabichi pilipili, Warusi wanatia matango kwenye chupa. Na mimi na Frida tulikuwa na pipa letu moja la mwaloni. Sakitu ya kwanza, ule umande ulioganda, ikishaipiga kabichi, ikawa tamu, tunanunua za nyumba mbili na kukaa uani siku nzima. Mbao yenye visu vya kukatia ilikuwa yake, ya bibi yake. Pipa lilikuwa langu. Tunapanga kabichi, chumvi, matofaa mazima kama wanavyofanya watu wake, kisha pilipili zangu. Bi Ogay, Mkorea anayeuza saladi sokoni, aliionja mara moja akasema ni chakula cha wagonjwa. Jirani yetu Mrusi aliionja akakimbilia maji. Sisi tuliila mpaka mwezi wa nne.

Sasa nije kwenye mwaka wa tisini na saba. Tangu masika nilikuwa nikisikia sauti ya mwanamume nyumbani kwa Frida. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, unasikia hata mtu akijikuna. Sauti nzito, inasema kidogo, inanyamaza, halafu Frida anajibu polepole. Maneno siyapati. Nilimwambia Ablimit, "Frida amepata mtu."

"Mwache apate," akasema. "Na wewe usiulize."

Nikaapa sitauliza. Nilifurahi kweli kweli, nikaanza kumshonea koti la vuli la sufu ya kijani, na bitana yake nikaitarizi maua ya komamanga kwa ndani, mahali pa siri, kama tunavyomfanyia bibi harusi. Nikasubiri aniambie mwenyewe. Kwa mtu kama mimi, kusubiri miezi mitano si mchezo.

Mwisho wa mwezi wa tisa nilikwenda sokoni kununua saladi ya karoti kwa Bi Ogay. Alinipimia, akaniongezea kiganja kizima bila kuombwa. Mwanamke yule hajawahi kuniongezea hata jani.

"Leo una nini?" nikamuuliza.

"Nakuonea huruma tu. Utabaki na nani?"

"Kwani nani kafa?"

Akanitazama vizuri. "Wee Hurshida, usinitanie. Frida alikuja juzi kuaga. Ndege yao tarehe ishirini mwezi ujao. Yeye, Erna na mume wa Erna. Mtihani wa lugha ameufaulu tangu mwezi wa saba." Alipoona uso wangu akaweka kijiko chini. "Mama yangu. Hukuambiwa."

"Nimeambiwa," nikasema. "Nilisahau."

Basi yule mwanamume wa ukutani alikuwa kanda ya kaseti. Frida alikuwa akijifunza Kijerumani, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, ili Wajerumani wamkubali kuwa Mjerumani. Na mimi nilikuwa nimemtarizia makomamanga.

Alikuja mwenyewe alasiri hiyo hiyo, na ndoo ya matofaa. Alivua viatu, akapanda barazani, akakaa mahali pake penye godoro lililobonyea umbo lake. Ablimit alikuwa akipogoa mzabibu. Niliteleka chai bila kusema kitu, na Frida alinijua, akaona.

"Umeshaambiwa," akasema.

"Na muuza karoti."

"Nilitaka kukwambia, Hurshida. Kila siku nilitaka."

"Ungeniambia lini? Ukishafika?"

"Erna anaondoka na watoto. Nibaki nikifanya nini, nihesabu vigae? Nilikuwa naogopa mdomo wako. Ungesema neno moja tu, usiende, nami nisingekwenda."

Hapo ndipo nilipopaswa kulisema lile neno. Lilikuwa hapa kooni. Lakini hasira ilifika kwanza.

"Basi leo mdomo wangu hautakusumbua," nikasema, nikashika birika.

Kwetu, mgeni unayempenda hujazi kibakuli chake. Unamtilia kidogo, funda mbili tatu, ili arudishe kibakuli umtilie tena, na tena, na kila akirudisha mkono wake unakutana na wako, na mazungumzo hayaishi. Ukimjazia mpaka ukingoni unamwambia kitu kimoja: kunywa, maliza, nenda zako. Hakuna mtoto wa Almaty asiyejua hilo, awe Mkazaki, awe Mrusi. Na mtu wa nyumbani hata hesabu hiyo haimhusu, anajitilia mwenyewe. Frida alijitilia chai katika nyumba yetu tangu mikono yake ilipoweza kubeba birika.

Nilimtilia mimi. Nilimtilia mpaka chai ikasimama ukingoni ikitetemeka. Kwa mkono mmoja nilimfanya dada yangu kuwa mgeni, na kwa mkono huo huo nikamfukuza mgeni.

Frida alikitazama kibakuli. Kisha akakinyanyua kwa mikono miwili na kunywa chote, chai ya moto kiasi kile, bila kupumzika. Macho yalimjaa machozi na mimi nikajidanganya kwamba ni moto wa chai. Akakifudikiza, akasema, "Asante kwa chai," neno ambalo hakuwahi kulisema nyumbani kwetu maisha yake yote, akavaa viatu, akatoka. Ndoo ya matofaa aliiacha.

Ablimit alishuka kwenye ngazi. "Umefanya nini wewe?"

"Nimempa chai."

"Nimeiona chai uliyompa. Haya, nenda. Ni hatua ishirini. Mshike mkono umrudishe, umtilie upya, yaishe kabla hayajaganda."

Ndivyo ilivyo mila, kibakuli cha namna ile hakifutwi kwa maneno. Lazima mtu arudi akae pale pale na umtilie kidogo kidogo mpaka achoke. Nilijua. Nikasema, "Aje yeye. Aliyeficha ni yeye."

Hakuja. Siku ya tatu nilituma sahani ya manta za boga kwa mkono wa Ablimit. Sahani ilirudi kwa mkono wa Ablimit ikiwa na zabibu, kwa sababu sahani hairudi tupu, hilo hata maadui wanalitimiza. Nilikaa na koti la kijani mapajani nikishona mikono yake, na upande wa pili wa ukuta nikisikia kaseti, mwanamume anauliza, Frida anajibu. Mara nyingi nilinyanyuka kwenda. Mara nyingi nilirudi kukaa. Hasira hasara, watoto wanaimba hilo shuleni, na mimi nina wajukuu.

Lakini nilikuwa na tegemeo langu. Nilijiambia, sakitu itakuja. Kabichi itamleta. Pipa liko kwangu, mbao iko kwake, mwaka gani uliwahi kupita bila kabichi yetu? Atakuja na ile mbao kwapani, atasema "Sogea," nitasogea, nitatia chai, na mambo yatakwisha bila mmoja wetu kupiga magoti.

Sakitu ilianguka tarehe kumi na nne. Nilikwenda sokoni kabla jua halijachomoza vizuri, nikachagua kabichi nzito nzito, na mwenye gari alinishushia uani magunia manne. Nikasugua pipa kwa maji ya moto. Nikavunja chumvi. Nikatandika barazani magodoro mawili na kuweka vibakuli viwili, nikakaa.

Saa nne, hakuna mtu. Saa sita, hakuna mtu. Ablimit alitoka akayaangalia magunia.

"Za nani zote hizi?"

"Za nyumba mbili. Kama kila mwaka."

Alikaa kando yangu, akaweka mkono wake begani kwangu, kitu asichofanya uani watu wakiona. "Hurshida," akasema, "mtu anayehama atazipeleka wapi kabichi?"

Nilimtazama Ablimit kama amesema kwa Kichina. Wallahi halikuwa limenipitia kichwani. Nilikuwa nimekasirikia safari ambayo moyoni sikuiamini. Nilimfukuza kwa kuwa anaondoka, halafu nikamnunulia chakula cha kufikia mwezi wa nne. Nililia pale pale juu ya magunia, kwa sauti, na ukuta wetu ulivyokuwa, Frida alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu kaseti ilizimwa. Nilingoja mlango wake ufunguke. Yeye nadhani alikuwa akingoja wangu.

Nilizikata kwa kisu cha jikoni, vipande vinene vibaya, na nyingine niliwagawia watu.

Tarehe ishirini asubuhi mtaa mzima ulikuwa barabarani. Wakazaki walileta maandazi ya kuwarushia wasafiri, ndiyo baraka yao ya safari, Bi Ogay alileta ndoo ya saladi kana kwamba Ujerumani hakuna chakula. Nilipita katikati ya watu na koti mkononi. Frida alitoka. Alikuwa amekata nywele. Misuko yake miwili, ambayo mama yangu aliisuka kila Ijumaa utotoni mwetu, haikuwapo, shingo iko wazi kama ya mvulana wa shule, na amevaa jaketi fupi la kung'aa aliloletewa na Erna. Kitambaa hakuna. Hereni hakuna.

"Kule hawavai vile," akasema, kama anayejitetea mbele ya mkaguzi.

"Nimekuletea koti."

Alilipokea, akalifungua, akaona bitana. Vidole vyake vilipita juu ya makomamanga. "Umelitarizi kwa ndani," akasema. "Kwa nini?"

Ningemwambia, nilidhani umepata mume, tungecheka mpaka dereva atufukuze, na ndani ya kicheko hicho kila kitu kingefutika. Lakini Erna aliita, "Mama, tunachelewa," dereva akapiga honi, watu wakaanza kumkumbatia kutoka pande zote. Mimi nikasema, "Ndiyo mtindo wa mwaka huu." Maneno ya fundi kwa mteja. Akasema asante. Gari likaondoka.

Aliandika barua tatu kwa Kirusi. Maua yanauzwa ghali, majirani hawagongi mlango, kabichi ya dukani imo ndani ya kopo na ina sukari. Kwa Wajerumani wenzake, aliandika, yeye alikuwa Mrusi. Mwisho wa kila barua: msimu ujao wa matofaa nitakuja. Sikumjibu. Nilisema moyoni, kitu kile hakifutwi kwa wino, akija nitamketisha, na kila msimu nilitandika godoro lake. Barua ya nne haikuja, na mimi niliyemnyima jibu mara tatu nikathubutu kununa.

Ilipita miaka minane. Mwezi wa kumi simu ililia adhuhuri, nikiwa napima kichwa cha mteja.

"Shangazi Hurshida? Ni Erna." Alikuwa akizungumza Kirusi chenye kigugumizi. "Mama alianguka kiangazi. Damu ilivuja kichwani. Kijerumani chote kimetoka, na Kirusi nacho. Madaktari walidhani anapayuka, mimi nikasikia ni lugha ya kwenu, lakini sikuwahi kujifunza. Kila siku anasema maneno yale yale na kulia. Labda kuna mahali panamuuma. Nakuomba umsikilize, uniambie anataka nini."

Nikasikia simu ikihamishwa. Nikasikia pumzi. Kisha sauti ya Frida, iliyochakaa lakini yake, ikisema kwa lugha yetu, kwa matamshi ya mtoto wa miaka minne mitano:

"Mama. We mama. Hurshida kanifukuza."

Kanda ya kupimia ilinianguka. Miaka minane nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, mengine mazuri sana. Yote yalihitaji anijue.

"Mama, mwambie anifungulie. Niko nje, baridi."

Sauti yangu uzeeni imekuwa ya mama, kila mtu anasema. Nikasema, "Ingia, mwanangu. Mlango uko wazi. Ingia ukae."

"Na Hurshida je?"

"Nimemchapa."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri, akivuta kamasi kama zamani. "Usimchape sana," akasema. "Mdogo yule."

Erna akarudi kwenye simu. "Ametulia," akasema. "Shangazi, ametulia kabisa. Alikuwa anasema nini?"

"Anasema nilimfukuza."

"Na ulimfukuza?"

"Ndiyo."

Hakuuliza zaidi. Siku ya pili alipiga tena, kwa sababu Frida aliamka amesahau na kuanza upya. Basi ikawa kila siku adhuhuri. Siku kumi na tisa Frida alinishtaki kwa mama, siku kumi na tisa nilijichapa, na siku kumi na tisa aliniombea nisichapwe sana. Ablimit alikuwa akitoka nje ya chumba.

Mara moja tu, siku ya tisa, nilishindwa. Nikamwambia, "Frida, huyu si mama. Ni mimi, Hurshida. Nisamehe, dada yangu." Halafu akaanza kulia kwa hofu, kwa kelele, mpaka Erna akamnyang'anya simu akaniuliza nimemwambia nini mama yake. Siku ya kumi nilirudi kuwa mama, na nilibaki hivyo hadi siku ya kumi na tisa, Frida alipofariki.